JINA LAKO HALISI NI LIPI?

Kijana mwenzangu, simama kidogo! Unapenda filamu za majambazi? Bastola, suti kali, pesa za chapchap? Basi leo tujifunze kutoka katika filamu moja, Donnie Brasco, ya mwaka 1997. Usidhani ni hadithi tupu. Imetokana na maisha ya mtu halisi.

JOE ALIINGIAJE?

Joseph Pistone alikuwa mpelelezi wa FBI huko Marekani. Mwaka 1976 alijiita Donnie Brasco, akajifanya mwizi wa vito, akaingia katika familia ya Bonanno, kundi la Mafia la New York. Alikaa humo hadi 1981. Nyumbani alikuwa na mke na mabinti watatu.

Kwa Mafia mgeni haingii hivi hivi. Lazima adhaminiwe. Na mgeni akigeuka kuwa msaliti, mdhamini hulipa kwa roho yake! Katika filamu, anayemdhamini ni Lefty (Al Pacino), jambazi mzee aliyeua watu wengi na bado hana kitu mfukoni. Anampenda Donnie kama mwanawe.

SOMO LA KWANZA: KINYAGO HUGANDA USONI

Joe (Johnny Depp) anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Mkali. Anampiga mkewe kofi. Mwisho anakiri mwenyewe kwamba haigizi tena; amekuwa mmoja wao. Unaona? Alidhani yeye ndiye anayelivaa lile jina. Kumbe jina ndilo lililomvaa yeye!

SOMO LA PILI: KUNA MTU ATALIPA

Kazi yake ilizaa matunda: zaidi ya wahalifu 100 walitiwa hatiani. Lakini Sonny Black, mkubwa aliyemwamini, aliuawa na wenzake mwaka 1981. Katika filamu, Lefty naye anaitwa usiku. Anajua haendi kurudi. Anavua saa na pete, anaviacha kwenye droo kwa ajili ya mke wake, anatoka kimya. Lefty wa kweli aliponea chupuchupu: FBI walimkamata mwaka 1981 kabla wenzake hawajamfikia. Alifungwa, na akafa kwa saratani mwaka 1994.

Joe alipata nini? Filamu inamwonyesha akipewa medali na hundi ya dola 500. Mafia nao walitangaza dola 500,000 kwa atakayemuua. Ikabidi yeye na familia yake waishi kwa kujificha.

SASA WEWE JIULIZE

Joe alitumwa na serikali, na bado ilimla hivyo. Wewe umetumwa na nani? Nyumbani unaitwa mtoto mzuri. Kijiweni una jina jingine. Ni nani aliyekudhamini? Ni mama anayekutetea kwa majirani? Ni rafiki aliyesema, "Huyu namjua"? Siku mambo yakifichuka, nani atavua saa yake?

Rafiki, usikunje karatasi hii kabla hujajibu. Majina yako mawili yakiitwa leo mbele ya watu wote, utaitika lipi?