Mdogo Wako Anaposema "Naacha Michezo": Tujifunze kwa Nabii Elia



Somo la leo ni lako wewe mwenye mdogo wako shuleni, au mwenzako wa TYCS, ambaye ghafla anakwambia hataki tena kucheza. Juzi alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, leo hata raba hataki kuziona. Unamsaidiaje? Wengi tuna majibu mawili tu: "Acha uvivu, vumilia," au "Bora uache, mpira utakupeleka wapi?" Yote mawili tunayatoa kabla hatujajua anaumia wapi.

Soma 1 Wafalme 19:1-18. Elia ametoka kupata ushindi mkubwa mlimani Karmeli. Yezebeli anatishia kumwua, na nabii huyu jasiri anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mti na kuomba afe. Mungu hamkaripii. Anamtuma malaika na mkate na maji. Elia anakula, analala, anaamshwa ale tena. Ndipo anapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka Horebu. Huko Mungu anamwuliza, anamsikiliza, kisha anampa kazi, pamoja na Elisha wa kumrithi. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho: tunatoa kazi kabla ya mkate.

1. Mkate kwanza

Binti wa mama yangu mdogo yuko kidato cha pili, ni mfungaji wa netiboli. Alirudi kutoka mechi ya UMISSETA akasema, "Dada, mi netiboli basi." Mama mdogo hakubishana naye. Alimwambia akaoge, ale, alale. Kumbe tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai tu. Mtoto mwenye njaa na usingizi anaona kila kitu kimeharibika, hivyo usianze mjadala hapo.

2. Uliza, halafu nyamaza

Kesho yake jioni, tukiwa tunachambua mchicha, nilimwuliza, "Jana kulitokea nini?" Nikanyamaza. Ilichukua muda. Alikosa magoli mengi, na sasa wenzake wanamwita "Hewa". Basi netiboli bado alikuwa anaipenda! Alichotaka kukikimbia ni aibu. Mwingine akisema "naacha", ana maana kwamba goti linauma. Mwingine masomo yamemzidi. Mwingine alikuwa anacheza tu ili kumfurahisha baba. Neno ni moja, lakini dawa ni tofauti.

3. Asiamue siku ya machozi

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anatufundisha kwamba moyo ukiwa gizani tusibadilishe maamuzi tuliyoyafanya tukiwa na amani. Kwa hiyo mwombe asubiri kidogo, labda wiki mbili, na muwe mnasali pamoja. Binti yetu alisubiri. Akamwomba mwalimu wa michezo dakika chache za kufunga peke yake baada ya mazoezi, na mimi Jumamosi nilikuwa namrudishia mpira. Wale waliokuwa wanamcheka aliwaambia mwenyewe kwamba jina lile linamuumiza. Bado hajawa mfungaji tegemeo, lakini anaenda mazoezini bila kusukumwa.

4. Kuacha siyo dhambi

Kama baada ya kusali na kutulia bado anataka kuacha, mheshimu. Mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati nzima kuhusu michezo na ukristo, na moyo wake ni kwamba mchezo upo kwa ajili ya mtu, siyo mtu kwa ajili ya mchezo. Mfundishe tu aache vizuri: amwage mwalimu, arudishe jezi, ashukuru wenzake.

Lakini angalia hapa. Kama anakimbia kwa sababu kuna mtu anampiga, anamtukana au anamshika vibaya, usimwambie avumilie. Huo siyo msalaba wa kubebeshwa mtoto. Waambie wazazi, mkuu wa shule au paroko, au pigeni 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Na jeraha lolote lionwe na daktari kabla hajarudi uwanjani.

Maswali ya kutafakari

- Mtu wa mwisho kuniambia amekata tamaa, nilimsikiliza au nilimhubiria?
- Je, ninataka aendelee kwa faida yake, au kwa sifa za familia na shule?
- Mkate gani ninaoweza kumpelekea wiki hii?

Tusali

Ee Bwana, uliyemlisha Elia alipochoka, uwatazame wadogo zetu waliovunjika moyo. Utupe masikio kabla ya maneno, na uvumilivu wa kutembea nao polepole. Wakiendelea, uwape nguvu. Wakipumzika, uwape amani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.