Ukipimwa presha ya macho, ulizia pia unene wa konea

Umepimwa macho hapo mjini Eldoret, ukaambiwa, "Presha ni 18, iko sawa." Kabla hujainuka kitini, uliza jambo moja zaidi: konea yangu ina unene gani?

Konea ni ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, mithili ya kioo cha saa. Ndani ya jicho mna majimaji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri, msukumo hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Hiyo ndiyo glakoma, na si sawa na presha ya damu. Mara nyingi haiumi. Huanza kula uoni wa pembeni, hivi kwamba mtu anasoma gazeti bila shida lakini haoni bodaboda inayomjia ubavuni. Uoni uliopotea haurudi. Dawa hulinda uliobaki.

Unene unaingiaje hapo? Kifaa hupima presha kwa kubonyeza konea. Mtazame fundi wa baiskeli akibonyeza gurudumu kwa kidole gumba: mpira mwembamba hubonyea upesi, akadhani upepo ni kidogo, kumbe umejaa. Konea nyembamba nayo hufanya presha isomeke chini kuliko ilivyo, na nene huipandisha. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Unene wa wastani ni kama mikroni 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita, na sisi Waafrika kwa wastani tuna konea nyembamba kuliko Wazungu. Kwa hiyo 18 ya mwenye mikroni 490 si 18 ya mwenye 590.

Kuna zaidi ya kosa la kipimo. Utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 1,636 wenye presha ya juu ya macho ambao mshipa wao ulikuwa bado mzima ulitoa matokeo mwaka 2002: wenye mikroni 555 kushuka chini walikuwa katika hatari ya kupata glakoma karibu mara tatu ya wale waliozidi 588. Hata hivyo konea nyembamba si ugonjwa, na wengi wenye nayo hawaugui kamwe. Usijumlishe wala kutoa namba mwenyewe nyumbani. Daktari huisoma pamoja na hali ya mshipa na kipimo cha uoni wa pembeni.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Utatiwa tone la ganzi linalowasha kidogo, uambiwe utazame mbele, kisha ncha ndogo kama ya kalamu iguse jicho. Dakika moja tu. Kwa kawaida hufanywa mara moja, kwa hiyo gharama yake haijirudii kila kliniki. Omba namba ya kila jicho iandikwe kwenye kadi yako. Kama uliwahi kufanyiwa leza ili uache miwani, sema, kwa kuwa leza hupunguza unene.

Uende wapi? Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyo barabara ya Nandi, ina kliniki ya macho. Wa upande wa Vihiga wanayo Hospitali ya Macho ya Sabatia. Kwa rufaa, anzia kituo cha afya cha karibu upewe barua. Jisajili SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) kwa kubonyeza *147#. Kujisajili ni bure, lakini hospitali kubwa zitataka michango yako iwe imelipwa, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwenye dirisha la malipo ulizia bei ya kumwona daktari, ya kupima presha na ya kupima unene, kila moja peke yake, na ni ipi SHA inalipia.

Ukiandikiwa matone ya timolol ya kushusha presha ya jicho na una pumu, mwambie daktari kabla ya kuyatumia, maana yanaweza kukubana kifua. Na ukikutwa na glakoma, wapigie simu ndugu zako wa tumbo moja jioni hiyohiyo. Hatari yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, hata kama wanaona vizuri.