VLAN Mbili, Swichi Mbili: Kebo Ngapi?

Swali hili la maabara huonekana jepesi mpaka ukae mbele ya swichi zenyewe. Una swichi mbili, moja ghorofa ya chini, nyingine ya juu. Kila moja ina VLAN 10 ya wanafunzi na VLAN 20 ya ofisi ya matokeo. Unataka wanafunzi wa chini na wa juu wawasiliane, ofisi nazo vilevile, ila makundi hayo mawili yasionane. Unaunganishaje?

Wengi wetu tunakimbilia tranki kwa sababu ndiyo tuliyokariri. Tuiache kwanza. Ipo njia ya wazi zaidi, na ukiielewa hiyo, tranki haitakusumbua: kila VLAN ipewe kebo yake.

Chukua poti ya 23 kwenye swichi zote mbili, ziweke VLAN 10, unganisha kwa kebo. Chukua poti ya 24, ziweke VLAN 20, unganisha kwa kebo ya pili. Basi, umemaliza. Kila VLAN inapata kasi yake. Kama poti ni za gigabiti 1, hata wanafunzi wakishusha filamu usiku kucha, kebo ya ofisi haiguswi.

Sasa shika jambo hili: kebo haijui VLAN. Fremu inayotoka kwenye poti ya VLAN moja haibebi namba yoyote. Swichi inayoipokea inaangalia tu imeingilia poti ipi. Kwa hiyo ukipitiwa ukachomeka poti ya 23 ya chini kwenye poti ya 24 ya juu, data itapita tu kama kawaida, na wanafunzi wa chini watakuwa mtandao mmoja na ofisi ya matokeo ya juu. Ndiyo maana kebo hubandikwa majina pande zote mbili.

Mtego wa pili ni STP, itifaki inayozuia mizunguko. STP ya asili hujenga mti mmoja kwa swichi nzima, bila kujali VLAN. Ikiona kebo mbili kati ya swichi zilezile, inahesabu kuwa ni mzunguko na kufunga moja. VLAN ya kebo hiyo inakatika, nawe unabaki kukagua mipangilio isiyo na kosa. Usiizime STP, maana siku mtu akichomeka kebo vibaya mtandao mzima utalala. Tumia swichi zinazojenga mti kwa kila VLAN, kama za Cisco zenye PVST+. Hapo kila mti unaona kebo moja tu, na zote mbili zinafanya kazi.

Halafu piga hesabu. VLAN 2 zinakula poti 2 kwa kila swichi. VLAN 10 zitakula poti 10 kati ya 24. Utabaki na nini cha kuwachomekea watu? Hapo ndipo tranki inapoingia. Kiwango cha IEEE 802.1Q huipachika fremu lebo ya baiti 4, yenye biti 12 za namba ya VLAN. Kebo moja inabeba VLAN zote, na swichi ya pili inasoma lebo badala ya kuangalia poti. Ila sasa zote zinagawana kasi ya kebo hiyohiyo.

Kabla ya mtihani, jaribu njia zote mbili. Tuma pingi kutoka VLAN 10 kwenda VLAN 20. Kama hujaweka ruta na pingi imejibiwa, usishangilie. Kagua kebo zako.