Presha ya Kuoshea Gari: Elimu kwa Waosha Magari wa Lusu na Nzega

Nzega ni njia panda. Malori ya Rwanda na Burundi hupita hapa, mabasi ya Mwanza na ya Tabora nayo hupita hapa, na katika kata ya Lusu, ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, bodaboda na magari madogo hayakauki barabarani. Mvua zikianza, yote hurudi yamepakwa udongo mweusi wa mbuga mpaka kwenye vioo. Kazi ya kuosha ipo, na vijana wengi wananunua mashine. Tatizo huanzia dukani, pale mnunuzi anapochagua mashine yenye namba kubwa kuliko zote.

Namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi mara nyingi ni presha ya juu kabisa. Presha ya kufanyia kazi iko chini ya hapo, nayo huandikwa kwenye kibandiko cha mashine yenyewe. Bar 1 ni takriban psi 14.5. Kwa gari dogo, bar 80 hadi 120 zinatosha kabisa. Bar 150 zinafaa chesisi ya lori iliyoganda tope, si mlango wa gari wala taa zake.

Ukishaona presha, tafuta lita kwa dakika. Presha hubandua uchafu, lakini maji ndiyo yanayouondoa. Mashine ya lita 8 kwa dakika, ukiifyatua kwa dakika 10, inakunywa lita 80, yaani madumu manne ya lita 20. Ya lita 15 inakunywa madumu saba na nusu kwa muda uleule. Anayenunua maji kwa dumu apige hesabu hiyo kabla ya kupanga bei ya kuosha.

Udongo wa mbuga ni mfinyanzi: ukikauka hushika, ukilowa huachia. Kwa hiyo unahitaji muda kuliko nguvu. Lowesha gari lote kwa maji mepesi, paka sabuni ya gari, subiri dakika chache bila kuiacha ikauke, kisha suuza. Usipitishe kitambaa kabla tope halijatoka, kwa maana chembe za mchanga zilizomo ndizo zinazochora rangi.

Nozeli nayo ina umuhimu sawa na mashine. Kwa kawaida nyekundu hutoa maji kwa nyuzi 0, njano 15, kijani 25 na nyeupe 40. Kwenye bodi tumia nyeupe au kijani, ukisimama sentimita 30 au zaidi. Nyekundu usiielekeze kwenye gari la mteja. Angalia magari yaliyopigwa rangi upya gereji: ukingoni mwa tao la gurudumu huweza kuwepo ufa mwembamba usioonekana kwa haraka. Maji makali yakiingia hapo huinua rangi, nayo hubanduka pamoja na pati iliyo chini yake. Mteja atadai, na atakuwa na haki. Maji hayohayo yakipigwa kwa karibu, mapezi ya rejeta hulala, tairi huumia ubavuni bila alama ya wazi, na beringi za bodaboda husukumwa grisi nje. Sehemu hizo zioshwe kwa mbali, au kwa brashi na ndoo.

Hatari kubwa kuliko zote ni kwa mwili. Maji ya presha hupenya ngozi, na kiatu cha wazi hakiukingi mguu. Tundu laweza kuonekana dogo, maumivu yakawa kidogo, kumbe ndani nyama inakufa. Aliyepigwa aende hospitali saa hiyohiyo na aeleze kilichompiga. Mashine ya umeme iunganishwe na ethi na swichi inayokata umeme unapovuja. Waya mwembamba wa kuungaunga usilale majini. Ya petroli isiwashwe ndani ya chumba, moshi wake unaua.

Maji machafu nayo yana masharti yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Maji yenye oili na sabuni yaelekezwe kwenye shimo la kutenganisha mafuta, si kwenye mtaro unaoshuka bwawani.

Ndugu mnunuzi, kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji awashe mashine ikiwa na maji, soma kibandiko mwenyewe, na hakikisha umepewa nozeli nyeupe na chujio la mpira wa kuvutia maji. Asipokubali kuiwasha, nenda duka jingine.