Nguo ya Kuendea Arusini

Mvua zikiisha kukoma na mahindi yakiwa ghalani, barua za mwaliko huanza kuzunguka Busunzu, katika nyanda za juu za Kibondo, mkoani Kigoma. Ndipo mama wa nyumba aingiwapo na fadhaa: atavaa nini? Sare ya kitenge imekwisha kuchaguliwa, na bei yake si ndogo kwa mkulima. Wako wauzao hata maharage ya mbegu. Wako pia wasingiziao ugonjwa wakabaki nyumbani, na hao ndio watusikitishao zaidi, maana bibi arusi amemkosa shangazi yake kwa ajili ya kitambaa.

Wengine hutaja yule mgeni wa Mathayo sura ya 22, aliyetolewa nje kwa kukosa vazi la arusi. Lakini Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba vazi lile ni mapendo, wala si nguo ya mwili.

Basi doti ya kanga iliyofuliwa, ikapigwa pasi ya mkaa, yatosha kabisa. (Ila yasomwe kwanza maneno yake: kanga yenye fumbo la kumchoma jirani haifai mbele ya wakwe!) Mabega yafunikwe kanisani, na nguo nyeupe aachiwe bibi arusi. Baba mwenye shati na suruali safi asikope koti.

Nao wazazi watangazapo sare, twawaomba waongeze neno: asiyekuwa nayo aje vilevile, na kiti chake kiwe pamoja na ndugu zake, si nyuma ya turubai.