Kumfundisha Mtu Mzima Kusoma

Katika nyumba zetu nyingi yumo mtu mzima asiyejua kusoma. Yeye hutia dole gumba katika hati aliyosomewa na mwingine, na barua yake ya siri huisikia kinywani mwa mtoto wa jirani. Huyo si mpumbavu. Amelima, amelea, ameamua mashauri ya ukoo. Amekosa jambo moja tu, nalo lapatikana.

Tanzania imekwisha kulithibitisha. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 yapata theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Baada ya mtihani wa taifa wa 1975 walihesabiwa kuwa wamebaki 39 kwa mia. Katika mikoa ya Ziwa Viktoria vitabu vya kisomo vilieleza habari za pamba, ndizi na uvuvi, kwa kuwa mtu hushika upesi maneno ya kazi yake.

Basi, wewe uliyesoma ufanyeje? Kwanza, usianze na a, be, che. Chukua neno alitamkalo kila siku, kama vile pamba. Liandike, lisomeni pamoja, kisha likate: pa-mba. Toka pa mpeleke kwenye pe, pi, po, pu. Toka mba kwenye mbe, mbi, mbo, mbu. Mara ataunda mwenyewe pembe, popo na mbu. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo, nayo ni bahati yetu kubwa. Kila alisomalo, na aliandike.

Pili, yaangalie macho yake. Aliyepita miaka 40 mara nyingi haoni vema herufi za karibu. Usimwite mzito wa kichwa kabla hajapimwa na kupata miwani.

Tatu, nusu saa kila siku yashinda saa tatu za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba.

La mwisho ndilo kubwa: linda heshima yake. Akikosea, ngoja, asichekwe mbele ya watoto. Na kama mwalimu ni mwanawe, aseme kwa adabu, “Baba, tusome tena.” Wengi waliacha kisomo kwa sababu ya aibu, wala si kwa ugumu wa herufi.

Tuanze juma hili, ili mzee wetu aisome hati kwa macho yake kabla ya kuitia sahihi.