Uchovu ni Hatari Kazini

Kila siku, kabla ya jua kuchomoza, njia zitokazo Kangemi na Kawangware hujaa watu waendao kazini kwa miguu. Wengi wao ni mafundi na vibarua wa majengo ya Westlands na ya katikati ya mji wa Nairobi. Kazi ya mchana kutwa huwa bado haijaanza, na miguu imekwisha kutumika.

Watu wengi hudhani ya kuwa ajali huletwa na ngazi mbovu au mashine isiyo na kinga tu. Lakini iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni uchovu. Mtu aliyechoka hukawia kuiona hatari, na hata akiiona, mkono wake hukawia kuiepuka. Tena husahau mambo madogo, kama kufunga mkanda wake awapo juu ya jukwaa, au kuzima msumeno wa umeme kabla ya kuondoa ubao uliokwama.

Uchunguzi uliotangazwa na wataalamu wa Australia mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hupungukiwa na wepesi kama aliyekunywa pombe kiasi kinachokatazwa kwa madereva katika nchi nyingi. Basi fundi aliyeamka saa kumi alfajiri, ifikapo saa tatu usiku yu katika hali hiyo, ingawa hakuonja hata tone.

Kibarua alipwaye kwa siku huona vigumu kukataa kazi ya ziada ya usiku, maana nyumbani wanangoja chakula. Hata hivyo, ujira wa usiku mmoja haurudishi kidole kilichokatika.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku moja ya kupumzika, angalau, katika kila siku saba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo humkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari.

Kwa hiyo yafaa mnyapara aziweke kazi za juu na za mashine kali saa za asubuhi, awape watu nafasi ya kula na kunywa maji, wala asimwite mvivu anayesema amechoka. Naye mfanyakazi aseme mapema, kabla ya kupanda ngazi.